Majina ya Akaunti 40

Mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza 56 ni nini, nitakujibu "benki" kabla sijafumbua macho. Ni jibu lililopitwa na wakati. Tangu tarehe 1 Januari 2014 benki ni 52, na kijana yeyote anayetoka shule ya biashara pale Likasi anaweza kunisahihisha. Lakini 56 niliimeza nikiwa na miaka kumi na sita, tukiwa tumesimama mistari miwili darasani, mwalimu akitaja namba za akaunti za uhasibu nasi tukiitikia: 40, watu wanaotuuzia, 41, wateja, 42, wafanyakazi, 43, Serikali, 57, kasha. Aliyekosea alibaki nyuma kufagia. Nilifagia mara mbili tu, kisha namba zikakaa mwilini kama sala.

Mimi ni mtoto wa Kapolowe-Gare, pale reli ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi inapokaribia ziwa Tshangalele. Ziwa lenyewe halikuumbwa na Mungu moja kwa moja. Ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa Mwadingusha ili migodi ipate umeme, na mitambo ya pale ilianza kufanya kazi mwaka 1930. Wakubwa wa migodi walitaka umeme. Sisi tukapata samaki. Mama zetu walishuka ufukweni alfajiri, wakanunua perege na kambale kutoka kwenye mitumbwi, wakajaza mabeseni, wakapanda treni au lori hadi soko la Kikula. Nilisomeshwa kwa mabeseni hayo. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo linalofanya nilichokitenda baadaye kiwe kizito.

Mpango wa hesabu tuliofundishwa ulitokana na sheria ya tarehe 16 Julai 1976, enzi Kongo yetu ikiitwa Zaire. Siku hizi vijana huutaja kama kitu cha gizani, na hapo wanaukosea. Waliouandika walikuwa na shabaha kubwa: kila kampuni nchini, iwe ya shaba au ya mikate, iandike hesabu zake kwa namba zilezile, ili Serikali iweze kuzijumlisha na kujua taifa limezalisha nini. Ndiyo maana tulikuwa na jedwali la kuundwa kwa faida, ambalo lilishuka ngazi kwa ngazi: kwanza pato la biashara, halafu thamani iliyoongezwa, mpaka unafika chini kwenye kile kinachobaki. Ukilisoma vizuri, unaona kampuni ilimlipa nani kwanza. Nililipenda jedwali lile. Niliwahi kulichora upya mara tatu kwa wino usiku mmoja kwa sababu mstari wa mwisho ulikuwa umepinda.

Kazi niliianza mwaka 1989, katika kampuni ya Likasi iliyouza vyakula kwa jumla na kusafirisha mizigo. Sitaitaja jina. Mkubwa wangu wa uhasibu alikuwa mzee mwenye asili ya Kasai, mtu wa shati jeupe na saa ya mfukoni, aliyetuita sote "mwanangu" hata waliomzidi kimo. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kamwe: kila anayetudai awe na mstari wake, kwa jina lake. Akaunti 40 haikuwa jumla tu. Nyuma yake palikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa mtu. Kampuni ilinunua samaki Kapolowe kwa mkopo wa wiki moja, kwa hiyo kulikuwa na kadi za mama zetu, na kwa kuwa wengi hawakuwa na karatasi zozote, mzee aliandika jina lile ambalo mtaa mzima ungelijibu. Mmoja aliitwa Mama Mapasa, kwa kuwa alizaa mapacha. Kadi yake iliandikwa hivyohivyo, Mama Mapasa, Kapolowe-Gare, na hakuna mkaguzi aliyewahi kulalamika.

Mwaka 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wetu. Waliokuwa Likasi wakati ule hawahitaji kuelezwa. Stesheni ilijaa familia zilizolala sakafuni wiki kwa wiki zikingoja treni. Mkubwa wangu alikuwa miongoni mwao na watoto wake. Jioni moja alitoka stesheni akarudi ofisini kwa miguu, akaniomba nifungue kasha, tukahesabu noti pamoja, akalinganisha na kitabu, akatia sahihi. Kisha akapitia kadi za 40 moja moja, akiniambia kila mmoja ni nani na anakaa wapi. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Alipomaliza aliniachia funguo, akarudi stesheni. Sikumwona tena.

Nikawa mkubwa wa uhasibu nikiwa bado kijana. Mwaka 1993 tukaletewa zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Mara zote mbili nilikesha nikikata sifuri, kadi kwa kadi. Hesabu ilipungua tarakimu lakini kila jina lilibaki mahali pake. Kwa hiyo niliposikia kwamba nchi inaingia OHADA, nilijua jambo hili nimeshalifanya. Nilidhani ni sifuri nyingine.

OHADA ni umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Mkataba wake ulitiwa sahihi Port Louis, Mauritius, Oktoba 1993. Kongo ikawa mwanachama wa 17, na sheria zile zikaanza kutushika tarehe 12 Septemba 2012. Mwanzo tuliona mihuri tu. Kampuni iliyokuwa SPRL ikawa SARL, iliyokuwa SARL ikawa SA, nafasi ya ile namba ya zamani ya rejesta ya biashara ikachukuliwa na ile ya rejesta mpya, RCCM, na makampuni yakapewa miaka miwili kurekebisha katiba zao. Wachonga mihuri wa Likasi walipata kazi. Halafu ikaja zamu yetu sisi wa vitabu: kuanzia tarehe 1 Januari 2014 mpango wa 1976 unawekwa kando, na hesabu zote ziandikwe kwa SYSCOHADA, mpango wa hesabu wa OHADA.

Nitaeleza kwa ufupi jinsi kampuni inavyohamia mpango mpya, kwa sababu nje watu hudhani ni kununua programu. Unafunga mwaka wa zamani kwa lugha ya zamani. Unatengeneza jedwali la kuvuka, safu ya kushoto namba za jana, safu ya kulia namba za kesho. Unachukua kila salio lililobaki usiku wa tarehe 31 Desemba na kuliuliza: wewe ni nini hasa? Likijibu, unalivusha na kulifungulia mahali pake asubuhi ya tarehe 1 Januari. Na kwa kuwa taarifa mpya zina safu ya mwaka uliotangulia, mwaka 2013 nao unauandika upya kwa sura mpya. Jumla ya kushoto lazima ilingane na ya kulia. Kuna salio linalojibu haraka: kasha lilikuwa 57, likabaki 57. Mengine yanabadilishana viti. Mishahara ilikuwa 65, sasa ni 66. Kodi zilikuwa 66, sasa ni 64. Serikali ikahama kutoka 43 kwenda 44, na kiti chake cha zamani kikakaliwa na mashirika ya hifadhi ya jamii.

Mwezi wa kwanza mkono wangu ulinisaliti. Niliandika mishahara ya Januari kwenye 65, kwa mazoea ya miaka ishirini na tano, na katika mpango mpya 65 ni gharama nyinginezo. Mishahara ya watu wote wa kampuni ilikaa wiki mbili mahali pasipo pake. Kijana aliyeajiriwa kwa ajili ya kompyuta ndiye aliyeiona. Alisubiri wengine watoke kula, akaja mezani kwangu, akasema taratibu, "Papa, ile ya mishahara, naona iende 66." Namshukuru mpaka leo kwa namna alivyoisema.

Tena kijana huyo ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa na lori moja la kukodi, ambalo tungelinunua kwa bei ndogo mwisho wa mkataba. Kwa mpango wa zamani halikuwa letu, basi halikuonekana kwenye mizania. Tuliandika kodi yake tu. SYSCOHADA ilitaka liandikwe upande wa mali, na deni lake liandikwe upande wa pili. Nilipinga kwa sauti. Mali ya mwenzio unaiandikaje kuwa yako? Akaniuliza: likipinduka njiani, hasara ni ya nani? Yetu. Likileta faida? Yetu. Mkataba ukiisha litabaki kwa nani? Nikanyamaza. Mpango mpya ulikuwa unatazama jambo lilivyo, karatasi iseme itakavyosema. Niliona hekima yake siku ile, na nasema wazi kwamba mpango wenyewe ni mzuri. Sikubaliani na wazee wenzangu wanaosema tuliletewa kitu cha wageni kutuvuruga. Kilichoharibika hakikuharibiwa na kitabu.

Kiliharibikia kwenye jedwali la kuvuka, wiki ya mwisho ya Januari.

Kampuni ilikuwa imeacha biashara ya samaki katikati ya 2013, lori la barafu lilipokufa. Zilibaki kadi 23 za mama wa Kapolowe, jumla faranga 1,140,000, ambazo kwa bei ya wakati ule, faranga 920 hivi kwa dola, zilikuwa kama dola 1,240. Si nyingi kwa kampuni. Mama hawa hawakuja kudai kwa sababu ya nauli, na kwa sababu waliokuja mara ya kwanza waliambiwa warudi mwisho wa mwezi. Mshauri aliyeletwa kusimamia uhamisho alitazama orodha akauliza hati za mauzo ziko wapi. Hazikuwapo, kulikuwa na karatasi za kupokelea zenye alama ya kidole gumba. Namba zao za kodi? Mama Mapasa atoe wapi namba ya kodi. Programu mpya ilidai namba kwa kila muuzaji kabla ya kumfungulia akaunti. Mshauri akasema, kwa upole kabisa, kwamba hawa tuwakusanye kwenye mstari mmoja wa akaunti 47, wadai na wadaiwa wengineo, tusonge mbele, tarehe inatubana.

Kitabu cha SYSCOHADA hakikumpa ruhusa hiyo. Nilikisoma baadaye, usiku, kwa uangalifu ambao ningekuwa nao mapema. Kinadai kila mwandiko uwe na ushahidi, na alama ya kidole kwenye karatasi ya kupokelea ni ushahidi. Kinadai deni lisifutwe kwa kuwa tu mwenyewe yuko kimya. Na lile somo la lori, la kutazama jambo lilivyo nyuma ya karatasi, lingetosha kuwaokoa: samaki waliliwa, fedha hazikulipwa, deni lipo. Ningesema hayo kwa dakika mbili. Sikusema. Nilikuwa nimeshakosea mishahara, nilikuwa na miaka karibu hamsini, nilisikia vijana wakinong'ona kuhusu wazee wanaozuia mambo, na niliogopa kuhesabiwa miongoni mwao. Nilichukua kalamu nikatia sahihi jedwali la kuvuka. Kushoto: akaunti 40, majina 23. Kulia: akaunti 47, mstari mmoja, "wengineo Kapolowe". Jumla zililingana mpaka senti ya mwisho.

Deni lisilo na jina halina wa kulitetea. Mwishoni mwa 2016 mkurugenzi aliuliza mstari ule ni wa nini, na ofisini hakuna aliyejibu isipokuwa mimi. Nikasema ni madeni ya samaki. Akauliza ni ya nani. Nilifungua kompyuta, na kompyuta haikuwa na jina hata moja. Ikaamuliwa lihamishiwe 84, mapato yaliyo nje ya shughuli za kawaida. Kwa hiyo mwaka ule kampuni yetu ilipata faida ya faranga 1,140,000 kutoka kwa mama wa mabeseni, na tukailipia kodi kihalali, kabla ya tarehe 30 Aprili kama sheria ilivyotaka.

Mwaka uliofuata, Januari 2017, nchi za OHADA zilipitisha mpango uliorekebishwa, ukaanza kutumika Januari 2018. Tukahama tena: jedwali la vyanzo na matumizi ya fedha likaondoka, likaja la mtiririko wa fedha taslimu. Kijana wetu alilisimamia lote. Safari hiyo nilikaa pembeni nikajibu nilipoulizwa. Nilistaafu 2019, nikarudi Kapolowe-Gare.

Kadi zenyewe zilichomwa tulipohama ofisi. Lakini mimi nilikuwa na kaye. Ni kaye ya shule, jalada jekundu, kurasa 96, niliyoianza siku ya pili baada ya mzee wangu kuondoka 1992, kwa sababu niliogopa kuyasahau maelezo yake ya saa zile mbili. Humo nilikuwa nikiandika kila mama, mabeseni yake, na anakokaa: nyuma ya stesheni, upande wa misheni, karibu na daraja. Niliiendeleza mpaka siku ya mwisho ya lori la barafu. Majina 23 yapo yote. Kwa miaka mitano nilikuwa nayo kwenye droo ile ile ya meza niliyotilia sahihi, na nilipoulizwa deni ni la nani, nilifungua kompyuta.

Mwaka 2023, kiangazi kilipoanza, nilianza kuwatafuta. Nalipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu. Nimeshindwa kuona njia nyingine. Wanne wamefariki, nikawapa watoto wao. Wawili wamehamia Kolwezi. Na kila mara nakutana na swali ambalo hesabu za zamani zingelijibu vizuri kuliko mimi: deni la jana ni kiasi gani leo? Enzi zile fedha ilipokuwa ikiyeyuka, tulikuwa na sheria ya 1989 ya kuthamini upya mali za kudumu: kila mwaka wizara ya fedha ilitoa vizidisho, nasi tulizidisha thamani ya mashine, majengo, malori, ili mfumuko wa bei usiyale. Nilizidisha hadi thamani ya jokofu la ofisini. Hakuna aliyefikiria kuzidisha kadi ya Mama Mapasa. Faranga 46,000 alizotudai 2013 zilikuwa dola 50. Dola ilipofika karibu faranga 2,500, zile zile 46,000 zilikuwa dola 18. Niliamua kulipa kwa thamani ya dola, maana faranga 46,000 zisingenunua hata nusu ya mabeseni yale.

Nilimkuta nyumbani kwake nyuma ya stesheni, amekaa kwenye kigoda anachambua sombe. Amezeeka, jicho moja lina ukungu. Nilipiga hodi nikasimama.

"Jambo, Mama."

"Papa Komptabu," akasema, kabla sijajitaja. "Unakuja kuchukua ao kuleta?"

Nikamwambia naleta. Nikakaa kwenye jiwe, nikafungua kaye, nikamsomea: mabeseni manne ya perege, faranga 9,000 kila moja, kambale, beseni moja, 10,000, jumla 46,000. Nikamwekea fedha mapajani, faranga 125,000, nikamweleza kwa nini ni nyingi kuliko hesabu. Alizipokea, akazihesabu kwa vidole, noti moja moja, wala hakuonyesha kushangaa. Kisha akanyoosha mkono, akagusa ukurasa wa kaye kama mtu anayesoma.

"Perege ine, ni vile," akasema. "Kambale ni mbili. La mwisho nilimupa dereva kwa mkono, siku ile gari lilikufa. Alisema utaandika."

Nilikumbuka siku hiyo. Lori lilivutwa usiku, dereva alirudi amechoka, na kesho yake hakuna aliyeniletea karatasi. Mfukoni sikubaki na kitu. Nikamwambia nitarudi Jumamosi. Akasema vyema, lakini hakuondoa kidole chake kwenye ukurasa. Nikatoa stilo, na chini ya mstari niliokuwa nimeufunga miaka kumi nyuma nikaandika: kambale, beseni 1.